Kuweka programu dhibiti kwenye kontrola ya MIDI uliyoiunda mwenyewe

Sanduku limekwisha kutobolewa, vitufe na potenshomita (vile vizungushio vya kupandisha na kushusha thamani) zimekazwa mahali pake, nyaya zimelehemiwa moja baada ya nyingine, lakini ukichomeka kebo kwenye kompyuta hakuna kinachotokea zaidi ya taa ndogo ya bodi kuwaka. Kinachokosekana ni programu dhibiti, yaani ile programu ndogo inayokaa ndani ya bodi yenyewe, inayosoma vitufe na potenshomita na kuyageuza mabadiliko yake kuwa jumbe za MIDI, ile lugha ambayo ala za muziki na kompyuta hutumia kupeana amri. Kuiandika si kazi ngumu. Kazi ni kuiandika ijue kunyamaza, kwa sababu sehemu kubwa ya kasoro za kontrola za nyumbani hutokana na programu dhibiti inayotuma jumbe ambazo hakuna mtu aliyeziomba.

Nitachukua mfano mmoja hadi mwisho: kontrola yenye vitufe vinane na potenshomita nne, iliyojengwa juu ya bodi ya Pro Micro yenye chipu ya ATmega32U4. Vitufe viko kwenye pini 2 hadi 9, na potenshomita ziko kwenye A0 hadi A3. Ukiwa na Arduino Leonardo au Arduino Micro, ambazo zina chipu hiyohiyo, maelezo yote yanakufaa bila kubadilisha msimbo.

Chipu hiyo sikuichagua kwa mapenzi tu. ATmega32U4 ina uwezo wa USB ndani yake, na kwa hiyo inaweza kujitambulisha kwa kompyuta moja kwa moja kuwa ni ala ya MIDI, bila kuhitaji draiva yoyote katika Windows, Mac wala Linux. Ukienda Kariakoo ukaulizia Arduino bila kutaja aina, aghalabu utapewa Uno, na Uno iliyozoeleka (R3) ina chipu ya ATmega328P isiyojua USB kabisa. Chipu ya pili iliyo pembeni ndiyo inayoizungumzia, na kompyuta huiona bodi nzima kuwa poti ya kawaida ya data tu. Njia za kuilazimisha Uno iwe ala ya MIDI zipo, lakini zinadai ubadilishe programu ya ile chipu ya pili, kisha kila ukitaka kurekebisha msimbo wako urudishe ya zamani. Kwa mtu anayeanza, usumbufu huo hauna faida. Itunze Uno kwa kazi nyingine.

Kabla ya kuandika mstari hata mmoja, hakikisha kebo yako ni ya data. Kebo nyingi zinazokuja na chaja za bei nafuu zina nyaya mbili tu za umeme, na bodi itawaka taa vizuri kabisa huku kompyuta ikiwa haina habari nayo. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikifumua na kulehemu upya viungo ambavyo havikuwa na kosa lolote, kumbe kebo ndiyo iliyokuwa bubu. Njia rahisi ya kuijaribu ni kuiunganisha simu na kompyuta kwa kebo hiyohiyo: mafaili ya simu yakionekana, kebo ni nzima.

Sakinisha Arduino IDE, programu ya kompyuta ya kuandikia msimbo na kuupakia kwenye bodi, kisha ndani yake fungua sehemu ya kusimamia maktaba za programu, tafuta maktaba inayoitwa MIDIUSB na uiweke. Katika menyu ya kuchagua bodi, chagua Arduino Leonardo ikiwa Pro Micro yako ni ya volti 5 na kasi ya megahezi 16, kama zilivyo nyingi. Zipo pia Pro Micro za volti 3.3 na megahezi 8, na hapa ndipo pa kuwa macho, kwa kuwa sura zake hazitofautiani. Soma maandishi madogo kwenye bodi, au pima kwa mita volti zilizopo kwenye pini ya VCC, ile ya umeme, wakati bodi imechomekwa. Bodi ya megahezi 8 ikipakiwa msimbo uliotayarishwa kwa megahezi 16, hesabu za muda wa USB huharibika na kompyuta haiioni tena. Kwa hiyo bodi ya volti 3.3 inahitaji faili lake la maelezo ya bodi, linalotolewa na kampuni ya SparkFun, na ndani ya menyu uchague toleo la 3.3.

Likikutokea hilo, usiitupe bodi. Programu ya kuanzishia, ambayo kazi yake ni kupokea msimbo mpya, ingali salama katika kilobaiti 4 zake kati ya kilobaiti 32 za kumbukumbu. Rekebisha uchaguzi wa bodi kwenye menyu, bonyeza kupakia, subiri hadi IDE iseme kwamba imeanza kupakia, kisha kwa kipande cha waya gusisha pini ya RST (ya kuanzisha bodi upya) na pini ya GND (ya ardhi) mara mbili za harakaharaka. Bodi itabaki katika hali ya kupokea msimbo kwa sekunde 8 hivi, na ndani ya muda huo upakiaji utapita. Mara ya kwanza mikono hutetemeka na nafasi hukupita, rudia tu. Katika matoleo mengi ya Linux kuna jambo la ziada: akaunti yako lazima iwe katika kundi la dialout, la sivyo utaambiwa huna ruhusa ya kuifungua poti.

Jaribio la kwanza liwe ni kupakia msimbo mtupu, ule wenye setup (sehemu inayoendeshwa mara moja bodi inapowaka) na loop (inayojirudia daima) zisizo na kitu ndani. Haufanyi lolote, na hilo ndilo tunalolitaka, kwa maana ukipita umethibitisha kwamba kebo, poti, menyu na bodi vinaelewana. Kosa lolote litakalojitokeza baada ya hapo utajua liko kwenye msimbo wako au kwenye nyaya.

Sasa tuuangalie ujumbe wenyewe. MIDI ilitolewa mwaka 1983, na mpangilio wake wa msingi haujabadilika tangu hapo: ujumbe wa kawaida una baiti tatu, ya kwanza ikieleza aina ya tukio na chaneli, mbili zinazofuata zikibeba thamani. Thamani hizo zina biti 7 tu, ndiyo maana karibu kila kitu katika MIDI huishia 127. Kuanza kwa noti ni 0x90 (0x huashiria namba iliyoandikwa kwa msingi wa 16), kuachiwa kwa noti ni 0x80, na badiliko la potenshomita ni 0xB0. Chaneli ni 16, lakini ndani ya msimbo zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 15 huku programu za muziki zikizionyesha kuanzia 1 hadi 16, kwa hiyo chaneli ya 10 ya ngoma huandikwa 9. Ujumbe huo ukisafiri kwa USB huongezewa baiti moja mbele, na pakiti inakuwa ya baiti nne. Baiti hiyo ya mbele, kwa jumbe tunazozitumia hapa, ni tarakimu ya kwanza ya aina ya ujumbe: 0x09, 0x08 au 0x0B. Katika msimbo wa hapa chini nimeipata kwa kusogeza biti nne kulia, ili mwandishi asiikosee.

Anza na kitufe kimoja. Mguu mmoja wa kitufe uende pini 2, mwingine uende GND, bila rezista yoyote ya nje.

```
#include <MIDIUSB.h>

const byte chaneli = 9;      // chaneli ya 10
const byte piniKitufe = 2;
const byte noti = 36;
bool haliYaMwisho = HIGH;
unsigned long mudaWaMwisho = 0;

void tuma(byte aina, byte a, byte b) {
  midiEventPacket_t p = {(uint8_t)(aina >> 4),
                         (uint8_t)(aina | chaneli), a, b};
  MidiUSB.sendMIDI(p);
  MidiUSB.flush();
}

void setup() {
  pinMode(piniKitufe, INPUT_PULLUP);
}

void loop() {
  bool hali = digitalRead(piniKitufe);
  if (hali != haliYaMwisho && millis() - mudaWaMwisho > 10) {
    mudaWaMwisho = millis();
    haliYaMwisho = hali;
    if (hali == LOW) tuma(0x90, noti, 100);
    else tuma(0x80, noti, 0);
  }
}
```

INPUT_PULLUP huwasha rezista iliyomo ndani ya chipu, ambayo huishikilia pini juu hadi kitufe kinapoiteremsha hadi GND. Ndiyo sababu kubonyeza husomeka LOW na kuachia husomeka HIGH, kinyume na mtu anavyotarajia. Noti 36 ni ngoma kubwa ya besi katika General MIDI, mpangilio wa pamoja wa namba za ala, nayo namba 100 ni nguvu ya pigo. Kitufe cha kawaida hakiwezi kupima nguvu ya kidole, basi tunaipanga sisi. Neno flush lisisahaulike, kwa sababu bila hilo pakiti hukaa kwenye foleni na noti husikika kwa kuchelewa.

Sehemu inayostahili kuangaliwa kwa makini ni ile ya milisekunde 10. Kitufe kinapobonyezwa, vipande vya chuma ndani yake hudundadunda kabla ya kutulia, na chipu ina kasi ya kutosha kuona kila mdundo kama mbonyezo mpya. Bila kinga, pigo moja la kidole hutoa noti tatu au nne zilizobanana. Mifano mingi inayosambaa hutibu tatizo hili kwa amri ya delay, mara nyingine ya milisekunde 50, na tiba hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa, kwa sababu delay huisimamisha programu nzima na vitufe vingine vyote havisomwi wakati huo. Chukua mtayarishaji wa singeli anayefanya kazi kwenye kasi ya mapigo 200 kwa dakika: akiweka noti nne katika kila pigo, noti moja hufuata nyingine baada ya milisekunde 75. Milisekunde 50 za usingizi zimekwisha kula theluthi mbili ya nafasi hiyo. Msimbo wetu hufanya kinyume chake. Hutuma ujumbe papo hapo kwenye mguso wa kwanza, kisha huziba masikio kwa milisekunde 10 kuhusu kitufe hicho tu, na mchezaji hasikii ucheleweshaji wowote. Kama vitufe vyako ni vya bei ya chini sana na noti bado zinajirudia, panda hadi 15 au 20, usizidi hapo bila sababu.

Kitufe kimoja kikifanya kazi, geuza piniKitufe, noti, haliYaMwisho na mudaWaMwisho kuwa orodha za nafasi nane, na yaliyomo ndani ya loop uyazungushie for, amri ya kurudia. Kila kitufe lazima kiwe na mudaWaMwisho wake. Ukivishirikisha muda mmoja, kitufe cha pili kinachobonyezwa pamoja na cha kwanza kinaweza kuchelewa au kupotea kabisa. Kumbuka pia kuzijaza hali zote HIGH ndani ya setup, vinginevyo orodha huanza na LOW na kontrola itatuma jumbe nane za kuachia noti kila inapochomekwa.

Potenshomita zina tabia tofauti. Nunua zile zilizoandikwa B10K, maana herufi B katika nyingi zinazouzwa leo huashiria kwamba ukinzani hupanda kwa usawa, ilhali A ni za sauti, ambazo hupanda polepole kisha ghafla. Ukifunga A, nusu ya mzunguko itaonekana haifanyi lolote na nusu ya pili itaruka. Miguu ya pembeni iende VCC na GND, wa kati uende A0. Kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa kati na GND itakusaidia sana, hasa kama nyaya ni ndefu.

Chipu husoma potenshomita kwa thamani kuanzia 0 hadi 1023, na MIDI inataka 0 hadi 127, kwa hiyo kila hatua moja ya MIDI ina hatua nane za usomaji. Mtu husema, basi nigawanye kwa nane, nimemaliza. Akifungua kioo cha kufuatilia jumbe huona mstari usiokatika: 63, 64, 63, 64, 64, 63, na wala hajaigusa potenshomita. Usomaji hauwi tuli kamwe. Hupanda na kushuka hatua mbili tatu kwa sababu ya kelele za umeme, na potenshomita ikisimama mpakani pa hatua mbili, mtikisiko huo mdogo unatosha kuivusha huku na huko. Madhara yake hayaishii kwenye kioo. Ukiwa katika programu ya muziki na ukaiambia ijifunze potenshomita utakayoizungusha, itaikamata ile inayotetemeka badala ya ile uliyoishika, na utamlaumu mtengenezaji wa programu bure. Dawa ni kuweka kizingiti kabla ya kugawanya:

```
int ghafi = analogRead(A0);
if (abs(ghafi - ghafiYaMwisho) > 5) {
  ghafiYaMwisho = ghafi;
  byte thamani = constrain(map(ghafi, 12, 1010, 0, 127), 0, 127);
  if (thamani != thamaniYaMwisho) {
    thamaniYaMwisho = thamani;
    tuma(0xB0, 20, thamani);
  }
}
```

Vigezo ghafiYaMwisho na thamaniYaMwisho vitangazwe nje ya loop, ghafiYaMwisho ikianzia -100 na thamaniYaMwisho ikianzia 255, thamani ambayo MIDI haina, ili usomaji wa kwanza upite na kompyuta ijue potenshomita ilipo. Kizingiti cha 5 ni kikubwa kuliko kelele na ni kidogo kuliko zile hatua nane, kwa hiyo hupotezi chochote kinachoonekana. Mipaka ya 12 na 1010 imewekwa kwa makusudi, kwa kuwa potenshomita nyingi hazifiki 0 wala 1023 kamili, na kama ungeacha mipaka halisi, sauti uliyoiteremsha hadi mwisho ingebaki kwenye 1 au 2, ikisikika kwa mbali. Ikiwa mzunguko umegeuka, yaani ukizungusha kulia thamani inashuka, huna haja ya kushika tena pasi ya kulehemu. Tuma 127 - thamani badala ya thamani.

Namba 20 katika mstari wa mwisho ndiyo anwani ya potenshomita, na uchaguzi wake una adabu zake. Namba 7 ni ya sauti, 10 ni ya kulia na kushoto, 64 ni kanyagio la kurefusha noti, na ala nyingi hutii namba hizo bila kuulizwa. Kuanzia 120 hadi 127 usizitumie kabisa, kwa sababu ni amri za chaneli nzima. 123, kwa mfano, huzima noti zote. Mimi huanzia 20, kwa kuwa 20 hadi 31 hazikupewa kazi maalumu na viwango, na potenshomita nne zikawa 20, 21, 22 na 23. Msomaji atakuwa ameona kwamba chaneli ya ngoma inatumika pia kwa potenshomita hapa; kama hilo halikufai, ipe tuma kigezo cha nne cha chaneli.

Usisome pini ambayo haijaunganishwa na kitu. Pini ya analogi iliyo wazi huelea hewani, hupokea kelele za umeme wa nyumba, na itamwaga jumbe mfululizo kana kwamba kuna mtoto anachezea potenshomita isiyoonekana. Kama umefunga potenshomita mbili kwanza na nyingine utazifunga mwisho wa mwezi, orodha ndani ya msimbo iwe ya mbili.

Kujaribu kufanyike nje ya programu ya muziki. Katika Windows kuna MIDI-OX, katika Mac kuna MIDI Monitor, na katika Linux amri ya aseqdump inatosha. Fungua mojawapo, weka mikono mapajani na utazame kwa dakika moja nzima. Kioo kibaki kitupu. Kisha bonyeza kila kitufe mara moja na uhesabu: ujumbe mmoja wa kuanza, mmoja wa kuachia, basi. Zungusha kila potenshomita kutoka mwisho hadi mwisho na uone 0 na 127 zote mbili. Ukizungusha moja na namba ya jirani yake ikatikisika, aghalabu waya wa GND wanaoshirikiana umelehemiwa vibaya. Ukimaliza, funga MIDI-OX kabla ya kufungua programu ya muziki, kwa kuwa katika Windows draiva nyingi huiruhusu programu moja tu kuishika poti ya MIDI kwa wakati mmoja. Na kila unapopakia msimbo mpya, poti hupotea na kurudi, hivyo programu ya muziki iliyokuwa wazi huenda ikahitaji kufungwa na kufunguliwa upya.

Wapo watakaotaka kontrola ikumbuke chaneli iliyochaguliwa hata ikichomolewa. Kumbukumbu ya EEPROM yenye kilobaiti 1 ipo kwa kazi hiyo, lakini kila nafasi yake imekadiriwa kuandikwa mara 100,000 hivi, na kuandika mara moja huchukua kama milisekunde 3.3. Amri ya kuandika ikiachwa ndani ya loop bila sharti, inaweza kufikisha idadi hiyo ndani ya dakika sita. Tumia EEPROM.update, ambayo huandika tu pale thamani inapokuwa imebadilika, na uiite pale mtumiaji anapobadilisha chaneli, si kwingineko.

Mwisho, kompyuta itaiita kontrola yako Arduino Leonardo, jina ambalo linachanganya ukiwa na mbili. Jina hilo limeandikwa kwenye faili la boards.txt la Arduino, katika mstari wa usb_product wa bodi husika. Libadilishe, funga na ufungue IDE, kisha pakia upya. Kabla ya kukaza skrubu za kifuniko, andika kwenye kipande cha karatasi tarehe ya msimbo, noti ya kila kitufe na namba ya kila potenshomita, ukibandike kwa ndani, karibu na pini ya RST ambayo siku moja utaitafuta.